UZI: Khedive Ismail, meli iliyotoka Kilindini na askari wetu karibu elfu moja ikazama ndani ya dakika tatu

Gati Namba Tano:

Wakuu, salaam.

Kila mwaka ikifika Mei humu jukwaani tunaikumbuka MV Bukoba, na ni haki yake. Leo naleta meli nyingine ambayo nina hakika wengi hamjawahi kuisikia, ingawa ilipakia watu wetu pale pale Kilindini, bandari ya Mombasa. Inaitwa Khedive Ismail. Ilipigwa na nyambizi ya Wajapani Jumamosi ya tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldives. Ndani mlikuwa na watu 1,511. Waliopona ni 214.

Sasa kaeni na hesabu hii: kati ya hao 1,511, askari 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki. Hata tukijifanya kwamba wote 214 waliopona walikuwa vijana wa kwetu (na hawakuwa, maana humo wamo Waingereza pia), bado tulipoteza zaidi ya 780 kwa mchana mmoja. Hawakufikia hata uwanja wa vita.

Nitashusha kwa vipande, simu yangu haivumilii maandishi marefu. Mwenye la kuongeza aongeze.

Gati Namba Tano:

Kipande cha kwanza: meli yenyewe.

Haikujengwa kwa ajili ya vita. Iliundwa Greenock, Scotland, katika karakana ya Scotts, ikashushwa majini mwaka 1922. Mwenyewe alikuwa kampuni ya Chile, CSAV, na jina lake la kwanza lilikuwa Aconcagua, ule mlima mrefu kuliko yote Amerika Kusini. Ilikuwa ya abiria na mizigo, ikitoka Valparaíso kupitia mfereji wa Panama hadi New York. Ilikuwa na pacha wake, Teno. Tani elfu saba na ushee, mitambo ya mvuke, vyumba vizuri vya wenye nazo.

Kisha uchumi wa dunia ukaanguka. Mwaka 1932 Wachile wakashindwa kulipa deni, meli ikarudi kwa walioiunda. Mwaka 1935 ikanunuliwa ipeperushe nembo ya Khedivial Mail ya Misri, ikapewa jina la Khedive Ismail, mtawala aliyefungua Mfereji wa Suez mwaka 1869. Na huyo Ismail naye aling'olewa kitini mwaka 1879 kwa sababu ya madeni! Meli iliyonyang'anywa kwa deni wakaipa jina la mfalme aliyeng'olewa kwa deni. Sijui nani aliwashauri.

Mwaka 1940 serikali ya Uingereza ikaichukua kwa ajili ya vita, ikawakabidhi kampuni ya meli ya British India waiendeshe. Ndipo kazi ya kubeba askari ilipoanza.

Msukuma wa Nera:

Mkuu shusha vitu, nimevuta kigoda. Ila swali la haraka: hizo meli za abiria walikuwa wanazigeuzaje? Maana vyumba vya matajiri vya watu mia mbili tatu unawezaje kuingiza watu elfu na mia tano?

Gati Namba Tano:

@Msukuma wa Nera, unang'oa vitu vya anasa, unatumia mashimo ya mizigo na madaraja ya chini kuwa mabweni. Meza ndefu za kulia chakula mchana, usiku juu yake zinatundikwa machela. Maofisa na wauguzi wanabaki na vile vyumba vya juu. Askari wa kawaida wanashuka chini. Unafunga mizinga michache ya kujilinda, unaongeza maboya na maboti, basi, umepata meli ya jeshi.

Shida inaonekana siku ya ajali. Ngazi na milango vilipigiwa hesabu ya abiria wachache. Ukijaza watu mara kadhaa ya hao halafu meli ilale upande, walio chini hawana pa kupitia.

Bint Kizingo:

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mie wa Mombasa, nataka kuongeza kidogo hapo kwa Kilindini, kwa sababu watu wanadhani vita vile vilikuwa vya mbali.

Aprili 1942 Wajapani walipoipiga Colombo kwa ndege, Waingereza walihamisha makao ya meli zao za kivita za Bahari Hindi wakaja nazo hapa Kilindini. Na ile skuli ya Allidina Visram, ambayo watu wengi humu wamesoma au wana jamaa waliosoma, ilichukuliwa na wanamaji. Mlikuwa mwakaa watu wa kuvunja siri za simu za upepo za Wajapani! Walikaa hapo mpaka 1943 walipoanza kurudi Ceylon (Sri Lanka ya leo). Kwa hivyo hii Khedive Ismail ilipotoka, bandari yetu ilikuwa ndiyo mlango wa kwendea Burma (Myanmar ya leo), kupigana na Wajapani.

Gati Namba Tano:

@Bint Kizingo, ahsante sana dada yangu, hapo umenirahisishia kazi.

Kipande cha pili: safari.

Kabla hamjaiona kama meli ya mkosi, jueni iliwahi kunusurika. Aprili 1941, Waingereza wakikimbia Ugiriki, ilitumwa bandari ya Nafplio kuchukua askari usiku ikiwa pamoja na meli ya Kiholanzi, Slamat. Nafasi ya kupakia ilikuwa finyu, Khedive Ismail ikaondoka bila kuchukua mtu. Slamat ikaendelea kupakia kupita saa iliyopangwa, kukapambazuka, ndege za Wajerumani zikaikuta. Slamat ikateketea, na manowari mbili zilizokuja kuokoa watu wake, Diamond na Wryneck, nazo zikazamishwa. Walikufa karibu watu elfu moja. Khedive Ismail ikafika salama ikiwa tupu.

Turudi Kilindini. Wiki ya kwanza ya Februari 1944 msafara ulioitwa KR 8 ukang'oa nanga kwenda Colombo. Meli tano za kubeba watu: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Ulinzi: Hawkins, manowari kubwa lakini ya kizamani, ya enzi za Vita vya Kwanza, na kufika eneo la Maldives kulikuwa pia na manowari mbili za kasi, Paladin na Petard. Tatu tu. Katika Atlantiki wakati huo misafara ilishaanza kulindwa vizuri, na ndege juu. Bahari Hindi ilikuwa inapewa kinachobaki.

Khedive Ismail ilikuwa imeshapita njia hiyo mara nne. Hii ilikuwa ya tano. Mbali na askari wetu 996, mlikuwa na wanamaji wa Kiingereza 271, wauguzi zaidi ya hamsini na mkuu wao, wasichana wa jeshi la wanamaji 19, na wengine. Wanawake wote walikuwa 83.

Na alikuwemo mwandishi wa habari za vita, Kenneth Gandar-Dower. Huyu bwana alikuwa na vituko: mwaka 1937 alichukua duma 12 kutoka Kenya akawapeleka Uingereza kushindanishwa mbio kwenye viwanja vya mbwa. Naye hakupona.

shombo_la_samaki:

Duma kwenye uwanja wa mbwa?? Wazungu wana mambo. Endelea mkuu.

Gati Namba Tano:

Kipande cha tatu. Hiki someni taratibu.

Saa nane na nusu mchana. Bahari shwari, jua kali, wamevuka karibu wiki nzima bila tatizo. Msafara uko kwenye Mlango wa Digrii Moja na Nusu, kusini mwa Maldives. Zamu zimebadilishana punde. Wengine wamejilaza sitahani wanaota jua, na wengi wako chini wanaangalia burudani ya muziki.

Upande wa kushoto imejificha nyambizi I-27, kamanda wake Fukumura Toshiaki. Si nyambizi ya kubeza: urefu wake zaidi ya mita mia moja, kituo chake Penang. Mei 1942 ndiyo iliyobeba kijinyambizi kidogo kimojawapo kilichoingia bandari ya Sydney na kunasa kwenye wavu. Topido (makombora ya chini ya maji) za Wajapani zilitumia oksijeni, karibu hazikuacha mstari wa mapovu wa kukuonya kama za wengine.

Mlinzi wa zamu kwenye Khedive Ismail anaiona periskopu, ile darubini ya nyambizi inayochungulia juu ya maji. Anapiga kelele, wenye mizinga wanafyatua. Muda huohuo Fukumura ameshaachia topido nne. Mbili zinapita. Mbili zinapiga.

Moto na moshi vinafunika upande wa nyuma, meli inalala, inakwenda. Dakika tatu hivi, wengine wanasema hazikufika mbili. Katika muda huo boti hazishuki. Waliokuwa sitahani waliruka. Waliokuwa kwenye burudani chini, ndugu zangu, mjaze wenyewe.

Meli nyingine nne zikatawanyika na Hawkins, kama kanuni inavyotaka: msafara ukishambuliwa, zilizobaki hazisimami. Nyuma wakabaki Paladin na Petard na mamia ya vichwa juu ya maji, mafuta na mbao.

Mwalimu Tarafa:

Mkuu, hapo ndipo kwenye ubishi mkubwa. Wape watu kilichofuata, usikipake mafuta.

Gati Namba Tano:

@Mwalimu Tarafa, sipaki.

Paladin ikaanza kushusha boti kuokoa watu. I-27 ikazama chini na kujificha chini ya watu wenyewe. Fukumura alijua kwamba Mwingereza atasita kudondosha mabomu ya kina juu ya watu wake.

Kamanda wa Petard alikuwa Rupert Egan. Hakusita, au kama alisita haikumzuia. Petard ikapita ikidondosha mabomu ya kina huku watu wakiwa majini.

Kwa wasiojua: bomu la kina ni pipa la baruti linalolipuka kwenye kina kilichopangwa. Haliuwi kwa vipande vya chuma, linaua kwa mgandamizo. Maji hayabonyei kama hewa, kwa hiyo mshindo unasafiri wote na kuingia mwilini. Mtu aliye majini jirani mapafu na matumbo yanapasuka bila jeraha kuonekana nje. Kwa hiyo wako watu waliopona topido, wakapona kuzama, wakauawa na mabomu ya meli iliyokuja kuwaokoa.

Safari ya tatu ya mabomu ikailazimisha I-27 kuibuka. Mizinga ya manowari zile ikawa inaipiga bila kuitoboa. Paladin ikaenda kuigonga, pezi la nyambizi likaichana ubavuni, maji yakaingia, nayo ikawa mgonjwa. Mwishowe Petard ikaanza kurusha topido moja moja, ya saba ndiyo iliyoipata. I-27 ikakatika na kwenda chini na Fukumura wake. Vita vyote vilichukua saa mbili na nusu.

Halafu ndipo waliobaki wakaokotwa kwa utulivu, wanaume 208 na wanawake 6, wakapelekwa Addu huko huko Maldives. Walikufa wanaume 1,220 na wanawake 77. Hiyo 77 mpaka leo ndiyo idadi kubwa kuliko zote ya wanawake wa majeshi ya Jumuiya ya Madola kupotea kwa tukio moja.

Msukuma wa Nera:

Nasema wazi: majini kungekuwa na wazungu watupu asingedondosha. Waafrika 996 kwake ni namba.

Mwalimu Tarafa:

@Msukuma wa Nera, hasira yako naielewa, lakini hoja haisimami. Ndani ya maji yale walikuwemo wanamaji wa Kiingereza, wauguzi wa Kiingereza, wenzake wa sare moja. Alidondosha juu ya wote. Ukitaka kutafuta ubaguzi utaupata, ila nenda kwenye mpangilio wa vitanda: nani alilala juu na nani alilala chini. Hapo meli ikilala upande ndipo rangi inapoamua.

Kuhusu Egan, angalieni mbele ya pua zake. Meli nne zimejaa askari hazijafika mbali. Nyambizi ni hodari, bado ina topido. Akiiacha, usiku inawafuata. Na yeye mwenyewe akisimama kuokota watu anakuwa shabaha. Mimi kwa nafasi yake sijui kama ningeweza kutoa ile amri, lakini siwezi kumwita muuaji.

Bint Kizingo:

Mwalimu, naomba nikupinge kwa adabu. Paladin ilikuwa imeshashusha boti. Yaani watu wameshaona mkono wa kuokolewa unakuja. Hakukuwa na njia ya kungoja hata robo saa, nyambizi iko chini inasikilizwa kwa mitambo?

Mwalimu Tarafa:

Binti yangu, kuisikiliza ndiyo kazi. Sona, mtambo wa kusikilizia chini ya maji, ya wakati ule ilichanganywa na kila kitu: meli inayozama, maboti, mapovu ya mabomu yenyewe. Robo saa ya kungoja nyambizi inaweza kuwa imejiondokea. Lakini nakubali, aliyekuwa majini hawezi kuikubali hesabu hiyo, na asilazimishwe.

Gati Namba Tano:

Mimi niko katikati na sioni haya kukaa hapo. Lawama zangu naziweka mapema zaidi, mezani, kwa waliopanga. Nani aliona ni sawa kuweka rejimenti nzima ya mizinga kwenye meli moja? Rejimenti moja, meli moja, topido mbili, rejimenti imefutika. Wangegawanywa kwenye meli tano zile, wengi wangefika Colombo.

Ongezeeni hili: Petard si meli ya hivi hivi. Oktoba 1942 katika Mediterania iliikamata nyambizi ya Wajerumani U-559, wanamaji wake wawili, Fasson na Grazier, wakafa maji wakitoa vitabu vya siri vilivyosaidia kuvunja maandishi ya Enigma, mashine ya siri ya Wajerumani. Ndiyo manowari iliyozamisha nyambizi za Mjerumani, Mwitaliano na Mjapani. Huko kwao ni meli ya sifa. Kwetu sisi ina sura nyingine.

Mzee wa Mjini:

Vijana nawasoma. Nami niwape cha kuongezea kuhusu meli hizi za British India, maana zilikuwa meli zetu. Karanja ya kwanza, ya miaka ya 1930, ilikuwa ya njia ya Bombay, Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam mpaka Durban, na pacha wake Kenya. Vita vilipokuja zote mbili zikageuzwa meli za kushushia askari ufukweni. Kenya wakaibadili jina, ikaitwa Keren. Mei 1942 zilikwenda pamoja kuichukua Madagascar. Novemba mwaka huohuo Karanja ikapigwa na ndege za Wajerumani Bougie, Algeria, ikazama. Ile Karanja ambayo wengi wetu tuliijua baada ya vita ni nyingine, walirudia jina tu.

Kuhusu askari: marehemu baba yangu mkubwa alikuwa Keya (askari wa King's African Rifles), akapelekwa Ceylon kisha Burma. Alirudi na meli. Alikuwa anatusimulia kwamba safari nzima ya kurudi alilala sitahani, mvua na jua, hataki kushuka chini. Akiambiwa chini kuna kitanda anajibu, "Kitanda chenu laleni wenyewe." Hakutaja meli iliyozama, ila kambini habari zilikuwa zinatembea.

shombo_la_samaki:

Shikamoo mzee. Hao waliotangulia Ceylon walifanya nini huko Burma?

Mzee wa Mjini:

Marahaba. Kikosi kikubwa kilikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, nembo yake mnyama kifaru. Walishuka bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko mwaka 1944, matope na malaria, wakawasukuma Wajapani mpaka Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Hapo juu ya mto Chindwin likajengwa daraja la vyuma la karibu mita 350, wakati ule refu kuliko yote ya aina yake. Tanganyika peke yake ilitoa askari wapatao 87,000 katika vita vile, kwa medani zote. Waliokuwa Khedive Ismail walikuwa wanakwenda njia hiyo hiyo.

Daktari wa Chai:

Nina swali linanisumbua. Wasauzi wana Mendi yao. Meli hiyo iligongwa na meli nyingine kwenye ukungu karibu na kisiwa cha Wight Februari 1917, wakafa zaidi ya watu 600, wengi wao Waafrika waliokuwa wanakwenda Ufaransa kufanya kazi za jeshi. Leo nishani ya ushujaa ya taifa lao inaitwa kwa jina la Mendi, na wana manowari inayoitwa Mendi. Sisi tulipoteza zaidi, na hatuna hata mtaa?

Gati Namba Tano:

@Daktari wa Chai, nadhani sababu ni kwamba Mendi walikuwa wa nchi moja. Rejimenti ya 301 ilikuwa ya makoloni kadhaa. Baada ya uhuru kila nchi ikaanza historia yake, na askari wa mkoloni hakuwa shujaa wa mtu. Zile sanamu za askari za Dar, Nairobi na Mombasa ni za vita vya kwanza, hazihusiki.

Ila mahali papo. Nairobi, barabara ya Ngong, kwenye makaburi ya vita, kuna Mnara wa Afrika Mashariki. Waliokufa na Khedive Ismail na hawana kaburi wameandikwa humo, pamoja na waliopotea Madagascar na kwingineko. Nimewahi kufika. Nyasi zimekatwa, kimya, mlinzi anakupa kitabu usaini. Majina yamepangwa kwa kikosi na cheo, ukifika East African Artillery unasoma mpaka shingo inauma.

Msukuma wa Nera:

Mkuu, kwetu kuna mzee mmoja wa ukoo aliondoka vitani hakurudi. Bibi alikuwa anasema "alipotelea baharini", sisi tukadhani ni lugha tu ya kusema amekufa. Nawezaje kujua kama alikuwemo?

Gati Namba Tano:

Ingia tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kuna sehemu ya kutafuta majina, bure. Usianze na jina. Weka tarehe ya kufa 12 Februari 1944 na kikosi East African Artillery, halafu pitia orodha nzima taratibu. Nasema usianze na jina kwa sababu makarani waliandika walivyosikia: r na l zinabadilishana, "ng'" inakuwa n tupu, na wengine waliandikishwa kwa jina la baba au la kijiji. Ukiona namba ya jeshi, inakili, ndiyo itakayokusaidia zaidi kuliko jina.

Msukuma wa Nera:

Sawa kiongozi. Mzee alikuwa na majina mawili, la nyumbani na la ubatizo, na nasikia alikojiandikishia alitaja la tatu ili baba yake asimfuate. Naanza na tarehe kama ulivyosema.